Magaga ya Mkwe

Tarehe tano Juni, mkwe wa Mama Leocadia Tarqui alianza kupasuka.

Midomo ndiyo iliyotangulia. Asubuhi hiyo Limbert alicheka mzaha wa mkewe, na kabla kicheko hakijaisha akaufunika mdomo kwa kiganja. Kiganja kikatoka na tone la damu. Siku mbili baadaye yakafuata mashavu, kisha viungo vya vidole, na ilipofika tarehe tisa visigino vilikuwa vimefunguka magaga ambayo sarafu ya peso moja ingeweza kusimama ndani yake bila kushikwa. Mama Leocadia hakuijaribu sarafu hiyo, ila aliifikiria.

"Mkwe," alimwambia, "wewe unakauka kama nyama ya lama kwenye kamba."

"Nyama ya lama ikikauka inaliwa, mama. Mimi nikikauka nitafaa nini?"

"Supu."

Wakacheka wote wawili, Limbert kwa kiganja mdomoni.

Mama Leocadia alikuwa na miaka hamsini na sita, na yote alikuwa ameimalizia Kalakota, kijiji cha nyanda za juu penye nyumba kumi na nne na kisima kimoja. Alizaliwa katika nyumba ya tatu kutoka kisimani, akaolewa katika ya saba, na hajawahi kuona sababu ya kwenda mbali zaidi ya hapo. Mumewe, Hilarion, alikuwa amefariki miaka minane iliyopita kwa ugonjwa wa kifua. Alimwachia lama ishirini na wawili, wale wanyama wa shingo ndefu na sufu nzito, kondoo tisa, na watoto watatu. Wavulana wawili walikwenda Buenos Aires kushona nguo, wakawa watu wa kupiga simu Krismasi. Aliyebaki ni Yovana.

Kitu kingine alichokuwa nacho Mama Leocadia ni mafuta yake. Alifundishwa kuyatengeneza na shangazi yake Casimira, mwanamke aliyefika miaka sabini na mashavu ambayo mtu alitamani kuyagusa. Mafuta ya tumbo la lama jike yanayeyushwa mara tatu kwa moto mdogo, kila mara yanachujwa kwa kitambaa. Mara ya tatu yanatiwa majani ya chachakoma, yale ya mlimani yenye harufu kali ya kuamsha pua, na nta kidogo inayotoka mabondeni. Yakipoa yanamiminwa katika makopo ya dagaa. Kila mtu wa Kalakota alikuwa na kopo lake, na madereva wa malori ya chumvi walisimama njiani kuyachukua.

Pamoja na kopo, mtu alipewa masharti, atake asitake. Paka kabla ya upepo, si baada yake. Usinawe uso mpaka jua liguse ukuta. Usirambe midomo, wewe si ndama. Nywele zioshwe mara moja kwa wiki, saa sita mchana, siku isiyo na upepo, kwa maji ya tatu ya kinoa, ile nafaka ndogo ya huku. Maji ya kwanza yanayooshewa kinoa yana povu kali, hayo ni ya blanketi. Ya pili ni ya nguo. Ya tatu ndiyo ya kichwa. Mwenyewe alikuwa ushahidi wa masharti hayo: mikia miwili ya misuko yake ilifika kiunoni, myeusi, haina ncha hata moja iliyochanika.

Sasa mwanamke wa namna hiyo amekaa na mkwe anayepasuka. Watu waliona.

Limbert alikuwa mtu wa mabonde ya joto, kule ambako jasho ndilo mafuta ya bure. Alikuwa mweusi, mrefu, wa jamii za ngoma na machungwa zinazoishi kwenye miteremko ya Yungas tangu enzi za babu wa babu zao. Alikutana na Yovana sokoni mjini, yeye akiuza machungwa, Yovana jibini, meza kwa meza. Walikuja Kalakota mwezi Machi. Siku aliposhuka kwenye lori, wazee wawili walibanana mikono wapate bahati, kama wafanyavyo watu wa nyanda hizi wakimwona mtu mweusi. Limbert aliwatazama kwa upole.

"Siku mkija kwetu, wazee wangu," alisema, "mtabanana mpaka mchubuke."

Kuanzia hapo Mama Leocadia alimpenda. Hakusema, lakini nyama kubwa ya supu ilianza kuhamia bakuli la mkwe.

Jambo lililomnyima raha lilikuwa moja. Limbert na Yovana walikuwa wamesema: "Tutakaa mpaka Agosti, tuone." Wakipata ardhi, watajenga hapa. Wasipopata, watateremka mabondeni kwa mama yake Limbert, safari ya siku nzima na nusu, na Mama Leocadia atabaki akizungumza na lama. Ardhi yenyewe ilikuwepo: kipande cha upana wa hatua arobaini kando ya kijito, mali ya ukoo wa marehemu Hilarion. Mwenye kauli alikuwa kaka yake Hilarion, Tata Saturnino, mzee wa maneno machache ambaye alivua kofia pale tu alipokuwa na jambo la kutamka.

Alivua kofia mwezi Mei. "Mkwe mgeni hakatiwi ardhi kwa uso wake," alisema. "Akanyage chunyo. Majirani wakila chunyo ya miguu yake, nitaleta kamba ya kupimia."

Basi kila kitu kikawa juu ya miguu ya Limbert, na miguu ya Limbert ndiyo hiyo.

Viazi vya chunyo hutandazwa nyasini wakati baridi imekomaa, vikalala nje siku nne vigeuke mawe. Asubuhi ya nne, jua likianza kuvilegeza, vinakusanywa katika vilima vidogo na kukanyagwa kwa miguu mitupu, mpaka maji yote yatoke na maganda yachubuke. Vikikaushwa baada ya hapo vinakaa miaka. Kwa kazi hii Kalakota walikuwa na sheria moja iliyo juu ya zote: tangu viazi vinapotandazwa mpaka gunia la mwisho linapofungwa, mkanyagaji hagusi mafuta kwa mguu wake. Chunyo yenye mafuta hainywi jua sawasawa, na ikifungiwa gunia inaanza kunuka kabla ya mwaka mpya, halafu inaambukiza jirani zake.

Msimamizi wa sheria hiyo alikuwa Mama Leocadia mwenyewe. Kila Juni, jioni, alitoka nje, akalowesha mkono mpaka kwenye kiwiko, akauinua hewani na kusubiri. Ngozi ya mkono wake ilimwambia kama sakitu ya usiku huo, ile baridi inayogandisha umande, itakuwa kali au ya kubabaisha. Akisema "leo," nyumba kumi na nne zilitoa viazi nje. Asiposema, hakuna aliyetoa hata kimoja. Miaka mitano iliyopita alimnusa wifi yake Primitiva uwanjani, akasikia mafuta miguuni, akamrudisha nyumbani mbele ya watu. Primitiva alikuwa bado anaihadithia siku hiyo, na kila mwaka hadithi iliongezeka urefu.

Mama Leocadia aliamua kuanza na sehemu za mkwe zisizokatazwa: uso, mikono, nywele.

Uso ulikubali upesi. Ngozi ya Limbert ilikuwa imepauka kama iliyopakwa majivu, lakini siku nne za mafuta, asubuhi na alasiri, ziliirudishia rangi yake na mng'ao. Nywele ndizo zilizomshinda. Alimwosha kwa maji ya tatu ya kinoa, na kwa bidii akazidisha: Jumapili na Jumatano. Kadiri alivyoosha ndivyo zilivyokakamaa. Kitana kiliingia na meno kumi na mawili, kikatoka na tisa. Zilianza kukatika, vipande vifupi vifupi vya kujiviringisha, vikijaa mabegani.

"Mama," alisema Yovana, "mwache jamani. Utamrudisha kwao na upara."

"Nywele ni nywele."

"Hizi si kama zetu. Mpigie mama yake."

Kwa miaka thelathini Mama Leocadia hakuwa amemuuliza mtu yeyote jambo la nywele. Alimaliza kukamua kondoo, akafagia ua ambao ulikuwa umeshafagiwa, akamwita Limbert na simu yake. Wakapanda mpaka kwenye jiwe la nyuma ya zizi, mahali pekee ambapo simu ilisikika, na ilibidi msemaji asimame juu yake akitazama kusini.

"Dada Asunta? Habari za huko?"

"Nzuri, dada, tunatokwa na jasho tu. Mwanangu mzima?"

"Mzima. Nywele ndizo zinaumwa."

"Umemwosha na nini?"

"Maji ya kinoa. Maji ya tatu."

"Mara ngapi?"

"Mbili kwa wiki."

"Dada yangu. Hicho ni kichwa au sufuria?"

Limbert alijifanya anatazama mlima.

"Sikiliza," sauti iliendelea. "Nywele zetu usizioshe oshe. Wiki mbili, tatu, ndiyo uzioshe. Zitie maji kidogo tu kwa vidole, juu yake mafuta, kisha uzisuke zilale. Nitampa dereva parachichi na chupa ya mafuta yake. Na usiku zifungwe kwa kitambaa cha kuteleza. Sasa niambie, anavaa nini kichwani mchana?"

"Kofia ya sufu. Nimemfumia mwenyewe. Ina masikio."

"Huyo ndiye mwizi! Sufu inamnyonya kama kupe."

Mama Leocadia alitazama kofia ile. Ilikuwa na safu tatu za lama wadogo wekundu na ilimchukua siku tisa.

"Na wewe dada, zako zikoje?" Asunta aliuliza.

"Mpaka kiunoni."

"Mwongo!"

"Njoo uone."

"Kwa baridi hiyo? Bora nikuamini."

Mama Leocadia akashuka mlima akirudia masharti kwa sauti ndogo, asiache hata moja. Nyumbani alitoa sandukuni gaguro lake la sikukuu, la hariri nyekundu, akakata upande wa nyuma ambao sketi huufunika, akaishonea kofia bitana. Parachichi zilifika Alhamisi. Baada ya siku sita kitana kilipita na kutoka na meno yote tisa, na Limbert akatembea Kalakota akiwa mtu wa pekee mwenye kofia iliyofumwa nje na harusi ndani.

"Nimesikia mkwe wako anavaa gaguro," Primitiva alisema kisimani.

"Kichwani, wifi. Wapo wanaovaa kiunoni na haliwasaidii."

Jioni ya tarehe ishirini na tano Mama Leocadia alilowesha mkono, akauinua, na nywele zote za mkono zikasimama. "Leo," alisema. Viazi vikatoka.

Visigino vya Limbert vilikuwa bado. Wiki nzima ya kwanza alikuwa amevipaka kwa siri ya aibu, mafuta kidogo mno, na sasa sheria ilikuwa imeanza. Siku tatu bila mafuta katika ukavu ule zilitosha kuharibu kila kitu. Jioni ya tarehe ishirini na nane, supu ikichemka, Mama Leocadia alimwona mkwe akivua soksi taratibu, sentimita kwa sentimita, ameuma meno. Soksi ilikuwa imeganda kwenye kisigino. Ilipotoka, ilitoka na damu.

Alifikiria asubuhi itakayofuata. Miguu hiyo juu ya viazi vya barafu. Mtu atachechemea, atasimama, Primitiva atasema neno, Saturnino atavaa kofia yake na kwenda zake. Akafikiria Agosti, lori, mizigo ya Yovana juu ya lori.

"Lete mguu," alisema.

"Mama, si umesema ni mwiko?"

"Mwiko ni kukanyaga nayo. Kesho alfajiri tutaosha kwa maji moto na majivu. Mafuta hayatabaki hata ya kupaka kope."

"Una hakika?"

"Nani anayajua mafuta haya, mimi au wewe?"

Akalipasha kopo kando ya moto, akajaza mafuta kila ufa kwa kidole gumba, mpaka ndani kabisa, akamvisha soksi safi mbili mbili. Limbert alipumua kama aliyetua mzigo. Yovana alikuwa nje akifungia kondoo, na hakuna aliyemwambia.

Alfajiri akaosha. Majivu mara ya kwanza, majivu mara ya pili, maji moto, kitambaa. Kisha akapiga magoti, akasogeza pua.

Yovana alisimama mlangoni. "Mama, unamnusa mume wangu?"

"Miguu tu. Sehemu nyingine ni kazi yako."

Ilikuwa safi. Hakuna harufu. Na kwa kweli ngozi ya juu ilikuwa safi. Ila mafuta yaliyoingia kwenye magaga yalikuwa yameganda kule ndani kwa baridi, yametulia, yakisubiri mguu upate joto. Mama Leocadia aliyajua mafuta yake kwenye mashavu, midomo, mikono na ncha za nywele. Kwenye miguu inayofanya kazi hakuwahi kuyajua, kwa kuwa alikuwa ameyakataza.

Saa mbili asubuhi jua lilifika uwanjani na viazi vikaanza kutoa jasho. Walikuwa watano kwenye sehemu ya ukoo: Tata Saturnino, Primitiva, Mama Leocadia, Yovana na Limbert. Saturnino alimwaga matone ya pombe ardhini, akavua viatu, na kazi ikaanza.

Limbert alisimama juu ya kilima chake cha kwanza, akavuta pumzi kwa ule ubaridi, kisha akaanza kuzungusha miguu kwa mwendo wa ngoma ya kwao, kisigino, kidole, kisigino, huku akijipigia mdundo kwa kofi pajani. Maji ya viazi yakaanza kuruka. Maganda yakavulika kama mashati. Yovana akacheka, akauchukua mdundo. Hata Saturnino alionekana kutikisa bega moja.

"Mzee unacheza!" Yovana alimwambia.

"Nakanyaga," alisema Saturnino.

Limbert alimaliza vilima viwili, vitatu, vinne. Hakuchechemea hata kidogo. Alipofika cha saba, Mama Leocadia aliyekuwa bado kwenye cha nne alishindwa kuficha furaha yake, akaanza kupanga kichwani atawaalika akina nani mwezi Agosti.

Primitiva alikuwa akikanyaga kando ya Limbert. Aliinama kuokota kiazi kilichoviringika, akabaki ameinama.

"Kaka Saturnino," alisema polepole, "hebu njoo uone supu."

Maji yaliyokuwa yakitiririka kutoka vilima vya Limbert yalikuwa yamejikusanya kwenye kishimo kidogo. Juu yake, katika jua, yalielea macho ya mafuta, duara ndogo ndogo za kung'aa, kama zile zinazoelea juu ya bakuli la mchuzi mzuri. Harufu ya chachakoma ilikuwepo muda wote, ila nani angeishangaa, wakati kila shavu uwanjani lilinuka hivyo hivyo?

Saturnino alichovya kidole, akakisugua kwa kidole gumba. Akavua kofia.

Mama Leocadia alihisi baridi ya viazi ikipanda mpaka magotini.

"Ni mimi, baba mkubwa," Limbert alisema. Alikuwa bado amesimama juu ya kilima cha saba. "Visigino viliniuma, nikapaka mwenyewe jana. Mama hajui lolote."

"Mtu wa machungwa!" Primitiva alisema. "Si nilisema? Amekuja kutukaangia chunyo!"

"Nilitaka kitu kimoja tu kwako," Saturnino alimwambia Limbert. "Kimoja."

Yovana alimtazama mumewe, mdomo wazi. Kwenye viwanja vingine watu waliacha kukanyaga. Mama Leocadia aliona nyuso za nyumba kumi na nne, nyuso alizozipaka yeye mwenyewe kwa miaka thelathini, zote zikiwa zimegeukia huku. Akinyamaza, kesho watu wale wataendelea kusubiri mkono wake jioni. Akinyamaza, pia, mkwe atashika njia, na mkewe nyuma yake. Kuamua kulimchukua muda wa kufunga kamba ya sketi.

"Mwongo huyo," alisema. "Mafuta ni yangu na kidole kilichopaka ni hiki. Nilimpaka jana, nikamwosha leo, nikadhani yametoka. Yeye aliniuliza kama ni mwiko, mimi nikamwambia atulie."

Kisha Primitiva akapiga makofi mara moja, kwa sauti.

"Wewe! Wewe uliyeninusa mimi!"

"Nilikunusa."

"Mbele ya watu! Nikarudi nyumbani nalia!"

"Ulirudi nyumbani unatukana, wifi."

"Nilitukana nikilia!"

Mtu mmoja kiwanja cha pili alikohoa, na kikohozi kilifanana sana na kicheko. Kikaambukiza. Primitiva alijaribu kukunja uso, lakini midomo yake mikavu ilimwuma, ikabidi aulegeze.

Saturnino alisubiri wamalize. "Leocadia," alisema, "mwaka ujao wewe hutasema 'leo'. Primitiva ndiye atakayesema."

"Sawa, shemeji."

"Mimi?" Primitiva aliuliza, na sauti ikampungua. "Nitajuaje?"

"Utalowesha mkono kama yeye. Na vilima hivi saba havitaingia guniani."

"Tutavitupa?" Yovana aliuliza.

Saturnino alimtazama mtoto wa nduguye kana kwamba ameuliza kama wamtupe yeye. "Chakula? Vipikwe. Leo hii, kabla mafuta hayajachacha. Ita watu."

Ikawa hivyo. Chunyo mbichi ni tamu kwa namna yake, nyepesi, bado ina kumbukumbu ya kuwa kiazi, na watu huionja kidogo tu kila Juni kwa sababu kila mmoja anaweka akiba. Siku hiyo ilikuwepo ya kushiba. Waliikosha kijitoni, wakaichemsha katika masufuria manne, na Mama Leocadia alisimama na kijiko akiengua macho ya mafuta mara ya kwanza, ya pili, na ya tatu, asimwachie mtu mwingine. Mwenye jibini akaleta jibini, mwenye nyama kavu akaleta nyama, mwenye pilipili akaisaga juu ya jiwe. Walikula watu thelathini na mmoja. Aliwahesabu akigawa.

"Inateleza vizuri," alisema mzee mmoja, mmoja wa wale waliobanana mikono mwezi Machi. "Mwaka huu kifua changu hakitaniuma."

Primitiva alirudi na bakuli mara ya pili. "Nachunguza tu," alisema.

Mama Leocadia alikula akiwa ameketi pembeni kidogo. Alifikiria Juni ijayo, jioni, mkono wake mkavu chini ya shali huku mwingine akiwa hewani. Ilimuuma, kama ufa mpya kwenye ncha ya kidole unapouma, kwa ukali na mahali pamoja. Akaongeza jibini.

Saturnino alimaliza, akapangusa vidole kwenye nyasi. "Yovana," aliita. "Hii imekanyagwa na nani?"

"Na Limbert, baba mkubwa."

"Na hawa wanaokula?"

"Majirani." Akaanza kuelewa, akalishika bakuli kwa mikono miwili.

"Kaka!" Primitiva aliruka. "Hii si chunyo bado! Haijakauka!"

"Nilisema wale chunyo ya miguu yake," Saturnino alijibu. "Sikumbuki kusema kavu. Na kijana aliyekubali kufukuzwa badala ya mkwewe, nikimwacha aende, nitampata wapi mwingine? Mtu alete kamba."

Ilikuwa saa nane, upepo wa magharibi umeanza, walipofika kando ya kijito. Saturnino alipima hatua arobaini kwa kamba, akaweka jiwe kila pembe. Yovana alitaka mlango utazame barabara aone nani anapita. Limbert alitaka utazame maji.

"Mashariki," Mama Leocadia alisema.

"Kwa nini, mama?"

"Kwa sababu mumeo anapenda kunywa chai akiwa amekaa mlangoni. Ukiuelekeza huko unakotaka, upepo huu utamla uso kila siku, na mimi sitakuwa na lama wa kutosha."

Limbert na Yovana walitazamana. Saturnino, bila kuuliza mtu, akalisogeza jiwe la mlango upande wa mashariki.

"Na wewe," Mama Leocadia alimgeukia mkwe, "kazi ya kukanyaga imekwisha kwako mwaka huu, utabeba magunia. Kaa hapa. Lete mguu."

Limbert akaketi kwenye jiwe la pembe ya nyumba yake, akaweka kisigino mapajani mwa mama mkwe, mchana kweupe, watu wote wakiona. Kopo likafunguliwa. Ufa wa kwanza ulikuwa bado mwekundu, lakini kingo zake zilikuwa zimeanza kulainika.

Primitiva alisogea, akasimama juu yao, akanyoosha kidole kimoja.

"Nipe na mimi kidogo."

"Wifi, wewe bado unakanyaga kesho."

"Midomo! Nimesema midomo! Mwaka ujao nitasemaje 'leo' na midomo hii?"